Shajara ya mradi: joto la maji kwenye mashamba ya mwani, Jambiani

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Vipimajoto vimeingia majini leo, vyote vinne. Kila kimoja ni kadiri ya kizibo cha chupa, kina betri yake ndani, na kila baada ya dakika 15 kinajiandikia joto mpaka siku tutakapokwenda kukitoa na kukisoma kwenye kompyuta. Mwezi umepevuka jana, kwa hiyo bamvua, yale maji yanayopwa na kujaa kuliko siku nyingine, tumelipata vizuri. Ilipofika saa nne na nusu asubuhi maji yalikuwa yameshakimbilia mwambani na uwanda mzima wa Jambiani uko nje: mchanga mweupe, madimbwi ya maji ya kifundo cha mguu, na safu za vigingi vya mwani zinakwenda mpaka macho yanachoka.

Mradi wenyewe si mkubwa na fedha zake ni za kuhesabia vidole. Idarani kwetu chuoni tuna wanafunzi wa shahada wanaotakiwa watoke uwandani. Skuli ya hapa ina kidato cha tatu wanaosoma joto na chumvi ubaoni, na bahari iko nyuma ya ukuta wa darasa. Na kina mama wa mwani wana neno lao moja la miaka mingi: maji yanachemka. Nilichoandika kwenye ombi la fedha ni kuwakutanisha hawa watatu. Kina mama waseme wapi maji yanachemka, watoto wa skuli wapime kwa mkono, wa chuo waweke vipimajoto vya kukaa, kisha tulinganishe.

Mwani wa biashara ulianza huku mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, mbegu ikitoka Ufilipino. Aina ni mbili, spinosum na cottonii, na wakulima wanayatamka majina hayo kama yaliyozaliwa hapa hapa. Cottonii ndiyo yenye bei. Ila cottonii haina ustahamilivu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji madogo, na wengi wameiacha wakabaki na spinosum yenye bei ya chini. Mwani ukizidiwa na joto vipande vinapauka, vinakuwa vyeupe kama barafu, kisha vinalegea na kukatika kwenye kamba. Joto linaudhoofisha, bakteria wanakuja kumalizia.

Kipimajoto cha kwanza tumekiweka kwenye maji madogo kabisa, shambani kwa mwenyekiti wa kikundi, ambaye hapa kila mtu anamwita Bi Mkubwa. Cha pili kiko shamba la mbele yake, cha tatu kwenye mkondo, na cha nne nje ya mwamba, kimefungwa kwenye tofali la saruji ambalo mvuvi mmoja wa ngalawa alitushushia. Kila kimoja kimevishwa kipande cha bomba jeupe lililotobolewa matundu. Bila hivyo, kwenye maji madogo jua hukipiga chenyewe, kikaandika joto la plastiki yake badala ya joto la maji. Bomba tumelikata kwa msumeno wa kuazima nyumbani kwa sheha, baada ya barua yetu kusomwa, kupigwa muhuri na kusomwa tena.

Bi Mkubwa alituangalia tukipigilia chuma cha kwanza, akasema: "Waliokuja kabla yenu walikuja na karatasi. Wakauliza, wakaandika, wakapanda gari. Hizo karatasi mpaka leo hatujaziona."

Nikamwambia sisi tutarudi na grafu.

"Grafu inaliwa?"

Wenzake wakacheka mpaka wengine wakakaa majini. Ahadi naiandika hapa ili nisije nikajifanya nimesahau.

Jumatatu, 2 Desemba

Wanafunzi 18, mwalimu wao wa fizikia, vipimajoto vya mkononi vitano, na kile chombo cha kupimia chumvi kimoja tu. Chombo hiki ni kama darubini fupi: unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani unaona rangi ya buluu juu na nyeupe chini, na pale zinapokutana ndipo unaposoma chumvi. Maji ya bahari yetu husoma kwenye 35 hivi, maana yake gramu 35 za chumvi katika kilo moja ya maji.

Kijana wa kwanza alikielekeza kwenye mchanga akasema hakuna kitu, kiza tupu. Wa pili akakielekeza moja kwa moja kwenye jua, ikabidi nimnyang'anye. Wa tatu, msichana mdogo wa umbo aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, aligeuka akalipa jua mgongo, akainua chombo kwenye uwingu mweupe, akanyamaza kidogo, akasema, "Thalathini na saba." Nikachungulia. Thalathini na saba kweli. Tone lake alilichota kwenye dimbwi lililoachwa na maji, sio baharini. Nikamuuliza kwa nini imezidi. "Maji yamekwenda juu, chumvi imebaki." Ubaoni somo hilo lina vipindi viwili.

Tumekubaliana hivi: kila bamvua, siku tatu mfululizo, kikundi cha watu watatu kinapima pahala palepale penye vipimajoto vyetu, isipokuwa nje ya mwamba. Fomu nimeichora nikiwa kwenye daladala, 309, juu ya goti: tarehe, saa, joto, chumvi, maji yanafika wapi mwilini (kifundo, goti, paja, kiuno) na hali ya anga. Wanaandika kwa penseli kwenye vibao vya plastiki, kwa sababu kalamu ya wino ikiona maji inakimbia. Jioni wananakili kwenye daftari.

Hiyo safu ya "maji yanafika wapi mwilini" mwenzangu mmoja idarani ameicheka. Amesema watoto hawalingani urefu. Kweli, lakini watoto waliopewa rula ya mita wanaisahau nyumbani, na goti hakuna anayelisahau.

Jumanne, 17 Desemba

Skuli zimefungwa, wapimaji wamebaki wanne. Mvua jana usiku. Hakuna la kuandika zaidi ya kwamba chuma cha kipimajoto cha pili kimeanza kupata kutu na nimeambiwa na mlinzi wa idara kwamba ningemuuliza yeye angeniambia ninunue cha pua.

Jumanne, 14 Januari 2025

Kaskazi imeshika. Bahari ya nje inang'aa kama sinia, na asubuhi ukiingia majini hupati ule ubaridi wa kwanza wa kumfanya mtu avute pumzi.

Leo tumetoa data ya kwanza. Vipimajoto vyote vizima, cha nne kimeota majani. Daftari la wanafunzi nalo limejaa kuliko nilivyotarajia, likiwemo ukurasa mmoja wenye mchoro wa pweza ambaye hakuombwa.

Kwa kuwa walikuwa wote, tumekaa chini ya mkungu tukafanya hesabu ya maji. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba kupwa kwa leo na kupwa kwa kesho hakulingani saa, kesho kunachelewa. Kunachelewa kiasi gani? Wakabishana, wakafika kwenye dakika 50 hivi, ambayo ndiyo. Bamvua moja mpaka jingine ni siku 14 au 15. Zidisha 50 kwa 15 upate dakika 750, ambazo ni saa 12 na nusu. Na kwa kuwa maji hupwa mara mbili kwa siku, baada ya wiki mbili umerudi palepale: bamvua hupwa saa zilezile, kila mwezi, mwaka mzima. Hapa kwetu ni kati ya saa nne na saa sita mchana, na mara ya pili usiku saa kama hizo. Maji mafu, yale ya katikati ya bamvua moja na jingine, ndiyo yanayopwa alfajiri na alasiri, tena hayapwi sana.

Mmoja akauliza kwa nini iwe mchana na isiwe alfajiri. Nikamwambia bamvua ni pale jua na mwezi vinapokuwa kwenye mstari mmoja, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, vikavuta pamoja. Basi siku za bamvua saa ya maji inalifuata jua, na jua halibadilishi saa yake. Ingekuwa pwani nyingine yenye umbo jingine, bamvua lingeweza kupwa alfajiri na mwani ungelala salama. Sisi tumepangiwa adhuhuri.

Nimeondoka nikiwaza jambo ambalo kina mama hawahitaji kuambiwa. Shamba la maji madogo hufikiwa wakati wa bamvua tu. Siku ambazo mkulima anaweza kwenda kufunga mbegu na kuvuna ndizo siku ambazo maji ni kidogo kuliko siku zote na jua liko utosini. Anayesimama kwenye maji hayo saa tatu nzima ni yeye, si mwani peke yake.

Jumapili, 2 Februari

Usiku, nyumbani, feni inazunguka.

Nimekaa na data tangu baada ya Isha. Nimeingiza daftari la wanafunzi kwenye kompyuta mwenyewe, mstari kwa mstari, kisha nikalipandisha juu ya mistari ya vipimajoto. Haikukaa. Maumbo yanafanana kabisa, lakini ya watoto yametangulia ya vipimajoto kwa saa tatu. Kila bamvua, kila siku, saa tatu kamili.

Saa tatu kamili kwetu sisi ni kitu kinachojulikana. Vipimajoto vilipoanzishwa programu yake ilitumia saa za Greenwich, na Zanzibar iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Nimefurahi kuligundua haraka hivyo. Nimesogeza mistari ya vipimajoto kwa saa tatu, ikakaa juu ya nukta za watoto kama kofia kichwani.

Grafu ni nzuri kweli. Nje ya mwamba mstari unalala, kutwa kucha hautikisiki hata nyuzi moja. Shambani kwa Bi Mkubwa ni meno ya msumeno: siku za maji mafu mstari umetulia kama wa nje, bamvua likikaribia meno yanaanza kuota, siku yenyewe yanavuka nyuzi 33, kisha maji yakirudi yanaanguka ghafla kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Hapo ndipo picha za setilaiti zinapotudanganya. Zinaona ngozi ya bahari kwa vipande vikubwa vikubwa, na ukanda wetu huu mwembamba wa nyuma ya mwamba haumo. Ukisoma setilaiti, Jambiani haina tatizo.

Nimechapisha grafu kubwa ya wiki mbili kwa ajili ya kina mama. Chini nimeweka tarehe tu, saa zingejazana. Usiku nimeupaka kijivu ili wauone mchana na usiku.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeaibika leo, na nataka niandike yote kabla sijalala.

Tumekutana bandani baada ya Alasiri, kina mama wametoka shambani wamechoka, nguo bado zina chumvi. Tukasalimiana, shikamoo na marahaba zikapita safu nzima. Nikaitundika grafu kwenye nguzo kwa pini. Nikaeleza mstari huu ni wapi na ule ni wapi, meno haya ni bamvua, huku chini ni maji mafu. Wakaielewa kwa kasi iliyonishangaza. Mmoja aliyeniambia hajui kusoma aliweka kidole kwenye jino refu kuliko yote akasema, "Siku hii ndiyo mimi niliyoacha kazi nikarudi," na wenzake wakakubali kwamba ndiyo hasa.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye gunia la mwani mkavu, kimya. Akasogea. Akaniuliza, "Mwanangu, hii rangi ya jivu ni nini?"

"Usiku, Bi Mkubwa."

Akaitazama tena. Akafuata meno kwa kidole, moja moja, taratibu kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Basi bahari yenu inachemka usiku?"

Nikatazama. Meno yote yameota ndani ya kijivu. Yote, bila kubakisha. Ncha ya kila jino iko kabla jua halijatoka.

"Bamvua gani hilo linalopwa alfajiri?" akaendelea, wala hakuwa mkali, alikuwa anataka kujua kweli. "Alfajiri ya bamvua maji yako hapa ukutani. Tunayasikia kitandani."

Mwezi mmoja kabla, chini ya mkungu, mimi ndiye niliyewafundisha watoto jambo hilohilo. Mjini bandarini kuna kipimo cha usawa wa bahari chenye kumbukumbu tangu 1984, jedwali la kupwa na kujaa ninalo kwenye simu, na sikulifungua. Nilitazama umbo, sikutazama saa.

Nimewaambia kina mama kwamba kuna kosa, kosa ni langu, na nitarudi. Bi Mkubwa akasema niiache grafu pale pale kwenye nguzo, kwa kuwa meno ni ya kweli hata kama saa si za kweli.

Jumapili, 16 Februari

Nimelipata. Ningelipata usiku ule ule kama nisingekuwa na haraka ya kufurahi.

Watoto waliandika saa kama wanavyoisema. Saa 4:30 asubuhi, saa 5:15, saa 5:30. Saa za Kiswahili, kama zinavyosemwa na watu wote wa hapa, na kama ninavyozisema mimi mwenyewe kutwa nzima. Mimi nikaketi kwenye kompyuta nikaingiza 4:30, na kompyuta, ambayo haijui ila saa za Kizungu, ikaelewa alfajiri. Ilipaswa niongeze sita: saa 4:30 ya asubuhi ni 10:30.

Kwa hiyo nukta za watoto zilikuwa nyuma saa sita. Vipimajoto, vikiwa kwenye saa za Greenwich, vilikuwa nyuma saa tatu. Tofauti yao ni tatu. Nilipoona tatu nikaitambua kama rafiki, nikavisogeza vipimajoto upande usio wake, nikavirudisha nyuma badala ya kuvipeleka mbele, ili vilingane na daftari. Vikalingana. Makosa mawili yakakaa kichwa kwa kichwa, yakatoa grafu safi kabisa ya bahari isiyokuwepo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kulingana kwao ndiko kulikonipa moyo. Zingepishana ningeendelea kutafuta.

Nimesahihisha: vipimajoto mbele saa tatu, daftari mbele saa sita. Sasa meno yameota mchana, ncha zake karibu na adhuhuri. Lakini baada ya aibu ya jana sitaki kujiamini kwa sababu tu mistari imekaa. Nataka shahidi mwingine, asiyetoka kwenye daftari wala kwenye kichwa changu. Jedwali la maji linakubali. Hilo ni shahidi mmoja, na sitaki asimame peke yake.

Fomu mpya ina safu mbili za saa. Ya kwanza "Saa (kama unavyoisema)", ya pili "Asubuhi, mchana, jioni au usiku". Kubadilisha ni kazi yetu sisi, si kazi ya mtoto aliyesimama majini na kibao mkononi. Mwalimu wa fizikia amependekeza tuwalazimishe waandike saa za Kizungu. Nimekataa. Tukifanya hivyo tutakuwa tumehamisha mahala pa kosa tu, kutoka kwenye kompyuta yangu kwenda kwenye kichwa cha mtoto, na huko halionekani.

Jumamosi, 1 Machi

Kipimajoto cha kwanza hakipo. Chuma kipo, bomba lipo limepasuka, chenyewe hakipo. Tumetafuta mpaka maji yalipotufika kiunoni. Kina mama wameahidi kuuliza. Kesho ni Ramadhani, na kazi yote itapungua.

Bei ya kipimajoto kimoja siiandiki hapa, maana atakayesoma ni mhasibu.

Jumatatu, 17 Machi

Kimerudi! Yule msichana wa thalathini na saba amekileta skuli akiwa amekifunga kwenye kitambaa. Mdogo wake, wa miaka sita, alikiokota akadhani ni kitu cha kuchezea, akenda nacho nyumbani. Kikatundikwa kwenye msumari jikoni, karibu na mafiga, kikakaa huko zaidi ya wiki mbili. Dada mtu hakukiona mpaka alipoingia kutafuta mwiko, akaitambua namba tuliyoipaka kwa rangi nyekundu. Amekuja kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Nimemwambia mdogo wake ana jicho zuri, ajiandikishe.

Jumanne, 18 Machi

Nimekisoma. Kilikuwa kizima, na hakikuacha kuandika hata dakika 15 moja.

Unaona kabisa siku kilipotoka majini. Mpaka mchana wa tarehe 27 Februari ni meno ya bahari, kisha mstari unayumba, kisha unaanza maisha mengine. Usiku unashuka kuliko bahari inavyoshuka, mchana unapanda polepole pamoja na paa la bati. Na kuanzia tarehe 2 Machi yanaota meno mapya, mawili kwa kila usiku na mchana, kwa nidhamu ambayo bahari haina. Moja linaanza kupanda baada ya Alasiri, linafika kileleni, na linakatika magharibi. La pili ni dogo, jembamba, linatokea saa tisa za usiku na kwisha.

Nilikaa nikalitazama hilo la pili muda mrefu kidogo kabla sijacheka. Ni daku. Na lile kubwa ni futari.

Huyu ndiye shahidi niliyekuwa namtafuta. Hakuna aliyemwandikia saa, hajui daftari, hajui jedwali la maji. Kwa saa nilizozisahihisha, moto unazimwa magharibi na unawashwa usiku kabla ya alfajiri, kama kwenye nyumba yoyote ya Kiislamu mwezi huu. Nimejaribu kurudisha saa zangu za kwanza, zile za grafu ya nguzoni. Futari ikapikwa asubuhi na kwisha adhuhuri, na daku ikaliwa saa tatu za usiku. Tukiwa na nyumba ya namna hiyo Jambiani, sheha angeshaitwa.

Nimemtumia ujumbe mwalimu ili awaulize wenye nyumba kama wana neno. Mama mtu amejibu kwamba hana neno, ila tusiseme ni jiko la nani, na tusitangaze siku aliyochelewa. Ipo, kweli, siku moja jino la futari limeanza kwa kuchelewa sana. Sehemu hiyo ya data nimeitoa kwenye faili la mradi. Joto la bahari ni la wote, la jikoni lina mwenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Masika yameanza, mawingu mazito, na maji ya shambani leo hayakupata moto hata kidogo ingawa bamvua ni kubwa. Wanafunzi wamepima wakilalamika kwamba hakuna cha kupima. Nimewaambia waandike hivyo hivyo, siku ya mawingu nayo ni siku.

Nimerudi bandani na grafu iliyosahihishwa. Ile ya zamani bado ilikuwa kwenye nguzo, imekunjamana kwa unyevu, na mtu ameandika juu yake kwa makaa orodha ya waliolipa na wasiolipa mchango wa kamba. Nimetundika mpya pembeni yake. Bi Mkubwa ameangalia kijivu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kijivu ni kitupu. Akatikisa kichwa cha kukubali, akakaa.

Mazungumzo yamekwenda kwenye mkondo. Kipimajoto cha tatu kinaonyesha wazi kwamba pale maji hayasimami, na mstari wake uko karibu na wa nje kuliko wa shambani. Cottonii ingepata nafasi huko, kwenye kamba za kuelea na maboya badala ya vigingi. Hilo kina mama wanalijua, na wakanipa orodha ya mambo ambayo grafu haiyasemi. Mkondo unataka chombo, na kikundi hakina hata mtumbwi. Mkondo ni njia ya wavuvi, kamba zitakatwa usiku. Na mkondo unataka mtu ajue kuogelea. Nimeuliza kati yao ni wangapi wanaojua. Walikuwa 22 bandani. Mikono ilinyanyuka mitatu, mmoja wao ukashushwa na jirani yake kwa kicheko.

Kwa hiyo awamu ya pili niliyokuwa nimeiandika, yenye vipimajoto vingine sita, nimeirudisha mezani. Nimeanza rasimu mpya: mtumbwi mmoja, kamba za majaribio nne kwenye mkondo, na mwalimu wa kuogelea mwanamke, masomo wakati wa maji mafu, ambapo mchana maji yapo na shambani hakuna kazi. Idarani watauliza kuogelea kuna sayansi gani.

Bi Mkubwa ameniuliza masomo yataanza saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akanitazama.

"Nne ya kwetu," nikasema, "ya asubuhi."